Kadi ya Watu Watatu

Tangu tunatoka Bariadi mpaka tunashuka kwenye uwanja wa ndege wa Mwanza, viatu vyeupe vya mdogo wangu havikupata doa hata moja. Najua kwa sababu nilivitazama njia nzima. Tulisimama Lamadi kununua maji, tukasimama Magu ili mama ajisaidie, na kote huko alishuka akakanyaga vumbi la pembeni mwa barabara kama sisi, kisha akarudi garini na viatu vyake vilevile. Vyangu vilikuwa vyeusi, na vilishageuka rangi ya udongo kabla hatujafunga mlango wa nyumbani.

Tulikuwa wasafiri wanne. Mama, ambaye hakuwahi kupanda ndege. Mdogo wangu, aliyekuja kumchukua. Mume wa mdogo wangu, mzaliwa wa Mwanhuzi kule Meatu, ambaye sasa anafanya kazi ya kusafirisha mizigo Dar es Salaam. Na mimi, karani wa masjala katika ofisi moja pale Bariadi, niliyeomba likizo fupi kwa sababu mama alisema hapandi kitu kinachoruka bila mimi kuwa pembeni yake. Maneno hayo niliyapokea kama mtu anavyopokea zawadi, na njiani niliyarudia kichwani mara nyingi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baba alipofariki, mama alibaki na mimi pembeni mwa mji, katika nyumba waliyoijenga kwa fedha ya pamba. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, niliyemwekea dawa ya macho, niliyejua anapenda uji wake uwe mwepesi kiasi gani. Mdogo wangu alituma vitu. Alituma friji, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa friji na kuambiwa imetoka kwa nani. Hakuna aliyeambiwa maziwa yaliyomo ndani yameletwa na nani.

Sasa mdogo wangu alitaka mama ahamie kwake moja kwa moja. Alilisema barazani, mbele ya baba mdogo na majirani, kwamba mama amelima vya kutosha, akapumzike kwenye nyumba yenye maji ya bomba jikoni na hospitali jirani. Watu waliitikia kwa vichwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema ataenda akaone, na atakalolisema ndilo litakuwa. Mimi nilitaka aseme hapana. Nilitaka aone ile nyumba, aisifu, anywe chai, kisha arudi na mimi.

Kabla sijafika kwenye launji, chumba cha kusubiria cha wakubwa pale uwanjani, lazima nieleze jambo la mkwe.

Kwetu Usukumani, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Si ugomvi. Ni heshima, na kadiri mtu anavyompenda mkwe wake ndivyo anavyompisha. Siku hizi zipo familia zilizolegeza, hasa za mjini, lakini mama hakulegeza, na mkwe wake hakuwahi kumwomba alegeze. Siku zote walizokuwa Bariadi, shemeji alilala gesti jirani na stendi. Alipokuja kusalimia alisimama uani, akatoa salamu akitazama ng'ombe wa jirani, na mama akamwitikia akiwa chumbani nyuma ya pazia. Waliulizana habari za afya, mvua na watoto kupitia dirishani, kwa upole mkubwa, kisha mmoja akaondoka. Chakula chake nilimpelekea mimi kwenye hotipoti. Siku ya safari alitangulia Mwanza kwa gari la rafiki yake, sisi wanawake watatu tukafuata na gari la kukodi.

Mambo yalipangwa vizuri kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuyafikiria. Nadhani ndiyo maana pale uwanjani wote tulisahau.

Tulipopita ukaguzi, shemeji alikuwa mbele kabisa, mama nyuma yangu, khanga kichwani, akitazama pembeni. Ukumbi wa kusubiri ulikuwa mpana na kila mtu angeweza kukaa kona yake. Lakini mdogo wangu alikuwa na jambo lake. Alitushika mikono akatupeleka mpaka kwenye mlango wa kioo kizito, usioonyesha ndani, na pembeni yake meza ya mapokezi yenye maua ya plastiki.

"Mama, leo unakaa wanakokaa wakubwa," alisema.

Shemeji alikuwa na kadi wanayopewa abiria wanaosafiri sana. Binti wa mapokezi aliichukua, akaigusisha kwenye mashine, akatazama kioo chake na kusema kadi ile inaingiza mwenyewe na wageni wawili. Watu watatu. Tulikuwa wanne.

Nilingoja mtu aseme basi tukae wote nje. Mdogo wangu alinigeukia.

"Dada, utatusubiri hapo kwenye viti. Si muda mrefu. Nikuletee nini, sambusa?"

Nilisema sihitaji kitu. Alikwishaugeukia mlango. Mama alinitazama, akataka kusema neno, lakini mdogo wangu alikuwa ameshika kiwiko chake, na mlango ukafunguka wenyewe. Hewa baridi ilitoka, na harufu ya kahawa, na sauti ya kijiko ikigonga kikombe. Kisha mlango ukajifunga.

Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikitazamana na ule mlango. Nitasema nilichoona, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Aliingia mzee mmoja wa Kihindi na binti yake. Aliingia kijana mwenye kaptula na kandambili, begi moja tu mgongoni, na binti wa mapokezi akamwita bosi. Alitoka mwanamke akijipangusa midomo kwa karatasi laini, karatasi yenyewe nene kama kitambaa, kisha akaitupa kwenye ndoo baada ya kuitumia mara moja. Kila mlango ulipofunguka niliona kipande kile kile cha ndani: ncha ya kochi la rangi ya maziwa, zulia, na mguu wa mtu uliolazwa juu ya mguu mwingine. Sikumwona mama.

Pembeni yangu mama mmoja alikuwa akimlisha mtoto mkate uliochovywa kwenye soda. Wivu una njaa yake. Nilikuwa na matobolwa ndani ya mfuko, viazi vikavu tulivyobeba kwa ajili ya watoto wa mdogo wangu, na sikuvigusa. Nilikuwa nafikiria mama ameketi kwenye lile kochi, mdogo wangu akimweleza kila kitu ni bure, na mama akifikiri: kumbe mwanangu huyu amefika huku. Sebule yetu Bariadi ina viti vya mbao, na mto mmoja umepasuka. Siku zote niliahidi kuushona.

Ndipo mlango ulipofunguka akatoka shemeji.

Alitoka haraka, mikono mitupu, akasimama karibu na meza ya mapokezi kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Aliponiona alikuja, akainamisha kichwa kidogo.

"Shemeji, ingia wewe," alisema. "Mama hawezi kula mimi nikiwa mle."

Mara hiyo nilikumbuka, na nikaona aibu kwamba sikukumbuka kabla. Alinieleza kwa sauti ya chini. Chumba ni kimoja. Meza ya chakula ni moja. Mama alipoingia na kugundua hakuna pazia wala upande wa wanawake, aligeuzia kiti chake ukutani, akavuta khanga mpaka usoni, akakaa hivyo. Mke wake alimwambia akae, watu wanatazama. Yeye akaona anayepaswa kutoka ni nani.

Tulikwenda mezani pamoja. Binti wa mapokezi alisikiliza, akasema hawezi kuniruhusu, kwa sababu mwenye kadi lazima awe ndani ndipo wageni wake wawe ndani. Akiwa nje, hata wale wawili inabidi watoke.

"Mama mkwe wangu yumo mle, dada," shemeji alisema. "Siwezi kukaa naye."

"Mmegombana?"

"Hatujawahi."

Binti alimtazama kwa makini, kisha akanitazama mimi kama nitatoa ushahidi. Nilimwambia ndivyo ilivyo kwetu. Alicheka kwa kujizuia, mkono mdomoni.

"Kwetu Tanga mkwe ndiye anayevutiwa kiti."

"Na kwetu anavutiwa kiti," shemeji alisema. "Ila mbali."

Binti alifikiri. Nyuma ya meza yake, ndani ya mlango lakini kabla ya makochi, kulikuwa na ubao mrefu wenye picha ya mlima, na nyuma ya ubao kiti chake cha kupumzikia. Alisema mtu akikaa pale amehesabika kuwa ndani, na hakuna atakayemwona; na kwa kuwa nafasi yake kwenye makochi itabaki wazi, mimi atanipitisha bila kunihesabu. Shemeji alimshukuru kana kwamba amepewa nyumba. Akapita, akaketi pale magoti yakigusa ubao, na mimi nikaingia.

Launji ilikuwa nzuri kuliko nilivyoionea wivu. Taa hazikuumiza macho. Runinga ilikuwa inawaka bila sauti, na kila kochi lilikuwa na kimeza chake na mahali pa kuchomeka simu. Chakula kilipangwa upande mmoja: sambusa, mayai ya kuchemsha, soseji, keki zilizokatwa vipande vidogo kiasi cha kumezwa, tikiti maji, mashine ya kahawa, birika la chai ya tangawizi, juisi za rangi tatu. Hakuna aliyekuwa akihudumu. Watu walijipakulia na kurudi kukaa bila kumsalimia mtu, hata yule waliyekaa karibu yake magoti yakikaribia kugusana.

Mama alikuwa kwenye kona ya mwisho, uso ukutani, khanga imefunika kichwa chote. Kwenye kimeza chake palikuwa na sahani iliyojaa, haijaguswa. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, uso umevimba kwa hasira.

Niliinama nikamsalimia mama kwa Kisukuma ili ajue ni mimi. Aliuliza kutoka ndani ya khanga kama mkwe ametoka. Nikamwambia ametoka, yuko nyuma ya ubao, haoni wala haonekani. Akauliza tena kama nina hakika. Nikamwambia nimemwona akiketi. Ndipo alipojifunua, akakigeuza kiti chake mwenyewe, akatazama ukumbi wote kuanzia kushoto.

"Kumbe wapo wengi hivi," alisema. "Na nimewapa mgongo."

"Ndicho nilichokuwa nakwambia, mama," mdogo wangu alisema. "Hapa si Bariadi. Yule ni mume wangu, si simba."

"Simba ningemtazama."

Nilicheka kabla sijajizuia, na mdogo wangu hakucheka. Mama alivuta sahani akaanza kula. Alikula yai kwanza, akaomba chumvi. Nilikwenda kumletea chumvi, na chai, na nikajipakulia mimi pia, na nilipokuwa nikirudi nilimsikia akimuuliza mdogo wangu kwa utulivu, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Huko kwako meza za chakula ziko ngapi?"

"Moja, mama. Kubwa. Ya watu wanane."

"Na sebule?"

"Moja."

"Kutoka chumba ulichonitengea kwenda nje, napita wapi?"

"Sebuleni," mdogo wangu alisema.

Mama alitikisa kichwa polepole, akaendelea kutafuna. Sikuhitaji kuambiwa anachokiona. Alikuwa anaona nyumba nzuri yenye mlango mmoja, na mkwe wake akirudi jioni kutoka kazini, na yeye akikimbilia chumbani kila siku ya maisha yake, au mkwe akilala kwenye gari. Mdogo wangu alianza kueleza kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, kwamba marafiki zake wote wanaishi na mama zao na waume wanakula nao, wanacheka nao. Mama hakumbishia. Alimtazama kwa huruma, na mimi nikajua maana ya huruma ile.

Nilifurahi. Nilimmiminia mama chai ya pili kwa utaratibu, bila kumwaga tone. Nilichukua kipande cha keki. Kochi lilikuwa laini kweli, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilivisahau vile viatu.

Mama aliposhiba kidogo, aliuliza mkwe wake ameambiwa na nani atoke.

"Na nani tena? Kainuka mwenyewe," mdogo wangu alisema. "Mimi nilimwambia akae."

"Alikuwa amekula?"

"Hata maji hakunywa."

Mama aliweka kikombe chini. Aliniambia nichukue sahani safi, niweke sambusa, mayai, nyama ile ya kidole, na matunda, nifunike kwa karatasi, nimpelekee, nimwambie imetoka kwake. Hakumtuma mdogo wangu. Alinituma mimi, na hilo nalo liliniongezea kimo.

Shemeji alikuwa palepale nyuma ya ubao, akisoma simu. Alipoambiwa sahani imetoka kwa nani, alisimama ndipo akaipokea, kwa mikono miwili. Binti wa mapokezi aliuliza kama na yeye anaweza kupata mkwe wa namna hiyo. Shemeji alimwambia aolewe Meatu. Kisha akaninong'oneza, na haya ndiyo maneno yake:

"Mwambie mayu wabeja, namshukuru mama. Mwambie kule kwangu kuna nyumba ndogo uani, chumba na jiko. Mlango wake unatazama ukuta wa jirani, na geti lake ni dogo, la upande wa pili. Hatanisikia hata nikikohoa. Nilimjengea yeye. Mke wangu anaona aibu mama kukaa uani kama mpangaji, ndiyo maana hajamwambia."

Akakaa, akafunua sahani, akaanza kula.

Kutoka ule ubao hadi kona ya mama ni mbali kidogo. Nilipita kwenye meza ya chakula, nikasimama. Nikachukua kijiko, nikakirudisha. Nilikuwa nimebeba ujumbe ambao, ukibaki kwangu, mama angekwenda Dar es Salaam, angekaa siku chache akiwa amejificha chumbani, na angerudi nyumbani akiwa anashukuru. Ukifika, umefika. Nilimtazama mdogo wangu kwa mbali. Alikuwa amevua kiatu kimoja cheupe akisugua kisigino, na mama alikuwa anamwonyesha mahali pa kukanda.

Yule mtu alikuwa amefikiria mlango. Mimi niliyelala nyumba moja na mama miaka yote, sikuwahi kujiuliza akienda kule atapita wapi. Nilimwonea wivu zaidi ya nilivyomwonea mdogo wangu, na sikutegemea hilo. Mdogo wangu ana vitu, na vitu unaweza kuvicheka.

Nilifika nikakaa, nikamwambia mama neno kwa neno, kwa Kisukuma, pamoja na geti na ukuta wa jirani. Mdogo wangu alidakia katikati. Alisema ile ni nyumba ya uani tu, mafundi waliiacha na rangi moja, yeye amemtengea mama chumba cha ndani chenye choo chake na pazia jipya. Alisema watu watamwonaje, ana mama yake uani.

"Watu gani?" mama aliuliza.

Mdogo wangu aliinama akavaa kiatu chake.

"Jiko linawaka kuni au gesi?"

"Gesi, mama."

"Nitajifunza."

Hakusema tena kwamba ataenda akaone. Mimi nilikuwa nasubiri aseme hilo, na niliendelea kulisubiri wakati yeye alishavuka. Alinigeukia akaanza kunipangia mambo, kwa sauti ile anayotumia siku ya kupanda mbegu. Kuku niuze, ila yule mwenye vifaranga nisimguse mpaka vikue. Shamba la bondeni nimkodishie baba mdogo, asilime mahindi, alime mpunga. Chumba chake nikipangishe kwa mwalimu, mwanamke, asiwe mwenye kelele. Blanketi la kijivu nilitumie mimi, maana huwa nalalamika baridi ya mwezi wa saba. Kila jambo niliitikia ndiyo mayu, ndiyo mayu, nikilipanga kichwani kwa zamu, na sikio langu lingine lilikuwa linasikia vijiko vikigonga vikombe. Mdogo wangu alikuwa ametoa simu. Alikuwa anamwandikia fundi kuhusu rangi ya pili.

"Nawe utakuwa unakuja," mama alimalizia.

Nikasema nitakuja.

Walitangaza safari yetu. Binti wa mapokezi alichungulia akatupa ishara kwamba mwenzetu ameshatangulia kwenye foleni, na tulipopita, sahani ilikuwa juu ya kile kiti nyuma ya ubao, tupu, karatasi imekunjwa juu yake vizuri. Mama aliitazama, akaridhika. Zulia la mlangoni lilikuwa limejikunja pembeni, akaogopa kujikwaa, akanyoosha mkono kutafuta wa kumshika. Aliushika wa mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa karibu, labda ni hilo tu. Nilichukua mikoba, wa mama na wangu, nikawafuata nyuma.